Nenosiri la Bekapu Likisahaulika: Simu Ikiwa Hai na Simu Ikiwa Imekufa

Anayesahau nenosiri la bekapu ya iPhone kwa kawaida huanza kubisha hodi mahali pasipo na mwenyeji. Hubadilisha nenosiri la akaunti yake ya Apple, hupokea barua pepe ya uthibitisho, hurudi kwenye kompyuta na matumaini mapya, na ujumbe ni ule ule: nenosiri si sahihi. Hufuta iTunes na kuisakinisha upya. Hupeleka simu kwenye kompyuta ya rafiki. Jibu halibadiliki.

Nenosiri hilo haliko Apple, wala halina undugu na akaunti ya iCloud. Liliwekwa siku mwenye simu alipotia tiki kwenye Encrypt local backup, mara nyingi kwa sababu nzuri: bila tiki hiyo, bekapu inayokaa kwenye kompyuta haibebi manenosiri yaliyohifadhiwa, takwimu za afya wala kumbukumbu za simu zilizopigwa. Tangu siku hiyo agizo la kusimba hukaa ndani ya simu yenyewe. Simu ndiyo inayosimba mafaili kabla hayajapita kwenye waya, na kompyuta hupokea vitu vilivyokwisha kufungwa. Ndiyo maana kuhamia kompyuta nyingine hakusaidii kitu.

Ukifungua folda ya bekapu, iliyoko MobileSync\Backup kwenye Windows au Library/Application Support/MobileSync/Backup kwenye Mac, huoni picha wala meseji. Unaona mafaili chungu nzima yenye majina ya herufi na tarakimu 40 yasiyosomeka. Mawili ndiyo yenye uzito. Manifest.db ni orodha inayoeleza faili lipi ni la nini. Manifest.plist limebeba mfuko wa funguo, na humo ndimo mchezo wote unamochezwa.

Mpangilio wa funguo ni wa ngazi. Kila faili lina ufunguo wake. Funguo hizo zimefungwa kwa funguo chache za madaraja, na zile za madaraja zimefungwa kwa ufunguo mmoja unaotokana na nenosiri. Nenosiri lenyewe halikuandikwa wazi popote ndani ya folda hiyo. Mtu anapoliandika, programu hulichanganya na tarakimu za nasibu zilizomo kwenye mfuko, kisha huzungusha hesabu iitwayo PBKDF2 mara nyingi mno mpaka ufunguo utoke. Ukitoka usio wenyewe, funguo za madaraja hugoma kufunguka papo hapo.

Folda hiyo, hata hivyo, iko mikononi mwa yeyote mwenye kompyuta. Hakuna seva inayohesabu majaribio, hakuna kufungiwa baada ya kukosea mara tano. Mtu anaweza kubahatisha usiku kucha. Kinga pekee ni gharama ya kila jaribio, yaani idadi ya mizunguko ya ile hesabu, nayo imeandikwa wazi ndani ya mfuko: kipengele cha ITER husema 10,000, na katika bekapu za miaka ya karibuni kingine kiitwacho DPIC husema 10,000,000.

Namba hizo mbili zina historia. Hadi iOS 9, kinga ilikuwa mizunguko 10,000. iOS 10 ilipotoka Septemba 2016, Elcomsoft, kampuni yenye asili ya Urusi inayouza programu za uchunguzi wa simu, iligundua kwamba Apple imeongeza njia ya pili ya kuhakiki nenosiri, sambamba na ile ya zamani, na njia hiyo mpya ilitumia hesabu ya SHA-256 kwa mzunguko mmoja tu. Aliyetaka kubahatisha hakuwa na haja tena ya kupita njia ngumu. Kwenye prosesa ya kompyuta ya kawaida, kasi ilipanda kutoka manenosiri 2,400 kwa sekunde hadi kama milioni 6.

Apple iliziba upenyo huo katika iOS 10.1, Oktoba mwaka huo huo, na kasoro ikasajiliwa kama CVE-2016-4685. Kisha iOS 10.2 ya Desemba ikakaza zaidi. Iliongeza mizunguko milioni 10 ya PBKDF2 juu ya ile 10,000 ya awali, na hata orodha ya Manifest.db ikasimbwa. Kadi ya michoro iliyokuwa ikijaribu manenosiri 150,000 kwa sekunde dhidi ya iOS 9 ikajikuta haivuki 100 hivi.

Hesabu yenyewe inasema zaidi. Nenosiri la herufi sita ndogo, bila namba wala alama, lina michanganyiko 308,915,776. Kwa kasi ya milioni 6, yote inamalizwa kabla ya dakika moja kwisha. Kwa kasi ya 100, ni siku 36. Herufi zikiwa nane, iOS 10.0 ingesalimu amri ndani ya saa 10, ilhali kwa bekapu ya iOS 10.2 kadi moja ingefanya kazi miaka 66.

Ukali huo ulimwumiza pia mwenye mali. Msaada ulikuja na iOS 11, Septemba 2017, kwa njia ambayo wengi hawakuitegemea: Apple haikurahisisha kufungua bekapu ya zamani, bali iliruhusu simu kulisahau nenosiri lake. Kwenye simu za sasa njia ni Settings, General, Transfer or Reset iPhone, Reset, halafu Reset All Settings. Simu huomba PIN ya kufungulia skrini. Picha, meseji na programu hubaki. Kinachoondoka ni mipangilio: manenosiri ya Wi-Fi, mpangilio wa skrini ya kwanza, picha ya ukutani, mwanga wa kioo. Pamoja navyo huondoka nenosiri la bekapu. Baada ya hapo simu huunganishwa na kompyuta, nenosiri jipya huwekwa, na bekapu mpya hutengenezwa.

Hapo pana mtego mmoja. Chini ya Reset, kwenye ukurasa huo huo, kuna mstari wa Erase All Content and Settings. Huo hufuta simu nzima. Mwenye haraka anayegusa mstari usio wake na kuthibitisha, halafu akawa hana bekapu nyingine, amepoteza vyote viwili: simu tupu, na folda asiyoweza kuifungua.

Elcomsoft haikuifurahia hatua hiyo ya Apple. Novemba 2017 ilikosoa kwamba kinga iliyokuwa na tabaka mbili sasa imebaki na moja: anayeijua PIN anaweza kuondoa nenosiri la bekapu, kutengeneza bekapu yenye nenosiri lake mwenyewe, na kusoma kila kilichomo, pamoja na manenosiri yote yaliyohifadhiwa. Ukosoaji huo una hoja. PIN ya tarakimu nne iliyochunguliwa begani ndani ya daladala ina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Je, simu ikiwa imeibwa, imezama au imekufa kabisa? Hapo bekapu ya zamani ndiyo tegemeo pekee, na njia ya iOS 11 haipo tena. Pa kwanza pa kutazama ni Mac, kama bekapu ilifanyiwa huko. Ikiwa mwenyewe alikubali nenosiri likumbukwe, liko ndani ya Keychain Access; akitafuta neno "backup" huona kipengele kinachohusu bekapu ya iPhone, na kwa kuandika nenosiri la Mac yake huonyeshwa lile lililosahaulika. Baada ya hapo hujaribiwa yanayoelekea kuwa ndiyo: PIN za zamani, nenosiri la kompyuta, la akaunti ya Apple la miaka ile. Kama bekapu ilifungwa kwa PIN ya tarakimu sita, michanganyiko yote ni milioni moja, na kwa kasi ya 100 kadi ya michoro huimaliza kabla ya saa tatu.

Kumbukumbu ya nusu nusu nayo ina thamani. Tuseme mtu ana hakika kwamba lilikuwa jina la mtu wa familia, likifuatiwa na mwaka na alama moja mwishoni. Majina 20, kila moja kwa mitindo mitatu ya herufi kubwa na ndogo, miaka 60 na alama 5 ni majaribio 18,000. Kwa kasi ile ile ndogo ya 100, ni dakika tatu. Programu ya bure ya Hashcat hufanya kazi hiyo ikipewa taarifa za ule mfuko wa funguo, kwa modi namba 14700 kwa bekapu za kabla ya iOS 10 na 14800 kwa zilizofuata. Kwa nenosiri refu la nasibu lisilokumbukwa hata herufi moja, fundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa Luthuli, Nairobi, anayedai malipo ya kulifungua anauza hewa.

WhatsApp ilichagua kinga ya aina nyingine. Tangu Oktoba 2021, anayetaka anaweza kusimba bekapu yake iliyoko Google Drive au iCloud kwa nenosiri, au kwa ufunguo wa tarakimu 64. Akichagua nenosiri, ufunguo hukaa kwenye hazina ya vifaa maalumu vya usalama ambavyo huhesabu majaribio. Yakizidi kiwango, ufunguo hauwezi kufikiwa tena milele. Kwa hiyo nenosiri fupi lina ulinzi, lakini mbinu ya kujaribu majina 20 na miaka 60 haina nafasi. Bekapu za Google tangu Android 9 ya mwaka 2018 zinafuata wazo hilo hilo: hufungwa kwa PIN ya skrini, na chipu za Titan kwenye vituo vya data huzuia kubahatisha.

Kwenye WhatsApp pia, kila kitu hutegemea kama programu bado inafunguka. Ikifunguka, mwenyewe huthibitisha kwa kidole, kwa uso au kwa PIN ya simu, kisha huweka nenosiri jipya. Isipofunguka, na nenosiri halikumbukwi, WhatsApp yenyewe haina uwezo wa kurejesha meseji hizo. Oktoba 2025 ilitangaza njia ya kusimba bekapu kwa kidole, uso au PIN ya simu, ili kusiwe na nenosiri la ziada la kukariri.

Mwenye iPhone inayowaka anaweza kujipima leo. Aiunganishe na kompyuta, abonyeze Change Password, aandike nenosiri la zamani na jipya. Likikubaliwa, alihifadhi hilo jipya mahali salama nje ya simu hiyo. Likikataliwa, atumie Reset All Settings sasa na kutengeneza bekapu mpya siku hiyo hiyo.