Dawa ya Maji na Kipimo cha Ukweli

Katika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, Ebrahim Hussein anauliza swali ambalo darasani aghalabu hupitwa haraka: dawa ni nini, na nguvu yake hutoka wapi?

Tumezoea kuusoma mchezo huo kama kisa cha umoja na ukombozi. Usomaji huo ni wa haki, lakini haujakamilika, kwani maji yale yalikuwa dawa. Masimulizi ya historia yanaeleza kuwa yalichanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za mtama. Yaliwaunganisha watu wa makabila ambayo hayakuwa chini ya amri moja. Kazi hiyo waliiweza. Kazi ya kuzuia risasi hawakuiweza, na Songea inaijua gharama yake. Tarehe 27 Februari 1906 makumi ya Wangoni walinyongwa hapo. Na Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alinyongwa mwaka huohuo.

Ustadi wa Hussein ni kwamba hamdhihaki mganga wala hamtukuzi kupita kiasi. Kinjeketile, akiwa kifungoni, anatakiwa akane maji yake. Anakataa, kwa kuwa neno lile si lake tena; limekuwa mali ya watu. Hapo mwandishi anatenganisha nguvu ya dawa mioyoni na nguvu yake mwilini.

Tofauti hiyo ndiyo inayokosekana katika mazungumzo ya leo juu ya mitishamba. Mlonge na ubuyu husifiwa kuwa vina vitamini zinazokinga chembe za mwili zisiharibiwe na oksijeni, na kwamba kwa sababu hiyo huponya kila uvimbe. La kwanza lina ukweli: ubuyu una vitamini C. La pili halifuati. Uvimbe, pamoja na joto na maumivu yake, ni njia mojawapo ya mwili kujikinga. Tena, uchunguzi uliotangazwa Ufini mwaka 1994, uliohusu wavutaji sigara zaidi ya 29,000, ulionyesha kwamba waliopewa vidonge vya beta-karotini walipatwa na saratani ya mapafu kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa.

Hatusemi haya ili kurudisha kasumba ya kikoloni iliyomwita kila mganga mchawi. Artemisinini, dawa ya malaria, ilipatikana kwa Wachina kuupima mmea wa tiba yao ya kale. Taifa letu nalo lilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili mwaka 1974, na likatunga sheria ya tiba asili mwaka 2002. Kupima, basi, si kudharau. Ni heshima anayostahili mganga na haki anayostahili mgonjwa.

Mwalimu afundishaye Kinjeketile hana budi kuwauliza wanafunzi wake maswali mawili: maji yalifanya nini, na yalishindwa nini? Atakayeyajibu yote mawili bila woga atakuwa ameuelewa mchezo, na hatauziwa jani kwa sifa tupu.