Zamu Ilikuwa ya Nani?

Embu haijawahi kupata reli. Ukitoka kwetu Manyatta, stesheni ya karibu iko Sagana, kule Kirinyaga, kwenye njia ya Nanyuki. Lakini guka yangu alifanya kazi ya reli enzi za East African Railways, kwa hivyo nilipopata *Dance of the Jakaranda* ya Peter Kimani (2017), sikuisoma peke yangu. Nilimsomea jioni, nikitafsiri kwa Kiembu nikienda.

Riwaya ni tamu, tuelewane hapo kwanza. Inafunga 1901, reli inapofika ziwani, na 1963, Uhuru unapobisha hodi, kupitia McDonald mkoloni, Mchungaji Turnbull na Babu Salim, fundi kutoka Punjab. Kwa miaka mingi hadithi ya reli hii ilikuwa mali ya J. H. Patterson na simba wake wa Tsavo. Kimani anampokonya. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 wakafa. Wengi wao hawakuliwa na simba yeyote.

Guka alisikiliza kimya mpaka treni ya kwanza ikapita. Kisha akauliza, "Na zamu ilikuwa ya nani?"

Nikadhani hajashika hadithi. Kumbe mimi ndiye sikuwa nimeshika. Kazi yake ilikuwa kubadilisha njia. Reli ni moja, kwa hivyo treni mbili zikikutana, moja lazima iingizwe pembeni stesheni ili nyingine ipite. Saa nane usiku, mvua inanyesha, mtu yuko nje na taa, anavuta chuma kwa mkono. Akikosea, watu wanakufa. Abiria wa daraja la kwanza amelala, hana habari.

Hapo ndipo riwaya inaniacha njiani. Reli ikishajengwa, inageuka ishara: ya ukoloni, ya taifa, ya mapenzi yaliyovunjika. Najua nani aliijenga na nani aliimiliki. Nani aliiendesha miaka sitini hiyo? Waafrika wamo, na wengine hawatoki akilini, lakini hakuna ninayekaa naye zamu nzima.

Utaniambia riwaya si rejista ya wafanyakazi. Sawa. Lakini shuleni tulifundishwa unabii wa Mugo wa Kibiru kuhusu nyoka wa chuma, na hadithi ikaishia hapo, kana kwamba babu zetu walisimama kando ya reli wakishangaa tu. Walilipwa mshahara, waliishi Muthurwa, walijua treni kwa mlio. Nilitaka riwaya inayowaamini hivyo.

Isome hata hivyo. Halafu kama kwenu kuna mzee wa reli, muulize zamu zake mapema. Niliacha chuo, muda ninao, na bado nimechelewa. Siku hizi guka ananiita kwa jina la baba. Lakini mwambie Sagana, ataendelea mwenyewe: Karatina, Kiganjo, Naro Moru, Nanyuki. Haruki hata moja.