Shule ya Tanga na Herufi za Risasi

Shule ya Tanga, ya kwanza ya serikali Tanzania Bara, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1890. Wajerumani, waliotawala wakati huo, walihitaji makarani, walimu na maakida (wasimamizi wa maeneo chini ya serikali yao). Shule haikuwa ya misheni, ndiyo maana wazazi Waislamu wa pwani waliweza kuiamini. Masomo yakatolewa kwa Kiswahili. Ninachokienzi zaidi ni kiwanda chake cha uchapaji: vijana wa Kiafrika walijifunza kupanga herufi za risasi, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza gazeti la Kiongozi likatoka hapo, likasomwa hadi bara. Leo shule hiyo ni sekondari ya ufundi. Ninyi mliosoma hapo, andikeni kumbukumbu zenu kabla hazijapotea.