Kuvuka Tanganyika Bila Taa Wala Boya

Mwishoni mwa karne ya 19 nahodha aliyekaribia Unguja usiku aliuona mnara wa taa mbele ya jumba la Beit al-Ajaib, mpaka mizinga ya Waingereza ilipouharibu tarehe 27 Agosti 1896. Huku kwetu, pwani ya magharibi ya ziwa Tanganyika, kuanzia Mtowa hadi mlango wa mto Lukuga, palipo Kalemie leo, hapakuwa na taa wala boya, ingawa vyombo vya Ujiji, ng'ambo ya mashariki, vilikuwa vikipitia Mtowa kupeleka misafara Manyema na kurudi na pembe za ndovu. Watu husema ni kwa sababu bara lilikuwa maskini na mbali. Ni kweli kiasi, lakini mimi nalaumu zaidi ziwa lenyewe.

Tuanze na kina. Mpelelezi Livingstone alipovuka Julai 1869 alishusha bildi mbele ya mlima Kabogo, kusini ya Ujiji. Bildi ni risasi nzito iliyofungwa kamba, na chini yake hupakwa mafuta mgando ili mchanga au tope ling'ang'anie. Baharia akiipandisha anajua yuko juu ya nini. Kamba ilishuka pima 326, yaani karibu mita 600, kisha ikakatika wakiivuta. Hakuliona hata tope. Sehemu ya kina kikubwa kabisa ya ziwa hili inafika mita 1,470, na duniani ni ziwa Baikal tu linalolishinda. Mahali pengi mlima unaingia majini wima, kwa hiyo bildi haimwonyi nahodha kwamba nchi kavu iko karibu, na boya halina pa kutia nanga.

Njia iliyotumika ilikuwa kuchagua pa kuvukia. Chombo kilitoka Ujiji, kikaambaa na pwani ya mashariki kuelekea kusini hadi Kabogo. Hapo watu walishuka, wakapika, wakangoja upepo utulie, ndipo wakakata maji kwenda visiwa vya Kasenge upande wa magharibi. Mpelelezi Speke alipita njia hiyo mwaka 1858, naye aliikuta imeshazoeleka. Kwa hiyo kazi ya mnara ilifanywa na rasi na visiwa: huku alama ya kuondokea, kule alama ya kufikia. Udhaifu wake unaonekana mwishoni mwa kiangazi, mbuga zinapochomwa na moshi ukatanda hadi ng'ambo isionekane mchana kweupe. Wakati huo dawa ilikuwa subira.

Palikuwa hata na ishara ya sauti. Mpelelezi Stanley alipokuwa akikaribia Ujiji mwaka 1871 alisikia ngurumo ya mbali. Akaambiwa ni Kabogo, mlima wenye mashimo yanayopigwa na mawimbi upepo ukivuma, na kwamba vyombo vingi vimepotea hapo, ndiyo maana wapitaji hutupa nguo na shanga majini. Sadaka tuiache, habari yenyewe ilikuwa na manufaa. Ukisikia mlima unanguruma, jua huko nje kuna mawimbi, usitoke.

Kisha kuna jambo lingine: ufukwe unaohama. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 aliikuta miti mitatu ya jamii ya mnazi, iliyokuwa sokoni mwaka 1871, imesimama ndani ya maji kama futi 100 kutoka ukingoni. Ziwa lilikuwa linapanda kwa sababu Lukuga, mlango wake pekee wa kutokea, ulikuwa umezibwa. Mpelelezi Cameron, mwaka 1874, alizuiwa humo na majani yaliyofungamana. Edward Hore, nahodha wa meli aliyejiunga na wamisionari wa London, alipofika Lukuga mwaka 1879 alikuta kizuizi kimekwisha kubomoka na maji yanatoka kwa kasi. Kufikia miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka takriban mita 10.

Hebu fikiria boya lililotiwa nanga kwenye mita tano za maji hapo mlangoni mwaka 1878. Miaka kumi na mitano baadaye lingekuwa limelala mchangani, na anayelifuata angekwama nalo. Hore alifanya la busara zaidi. Aliweka alama ya kupimia maji Ujiji, akazunguka ziwa akichora ramani ya pwani na maegesho yake, na baadaye akahamishia makao kisiwa cha Kavala, penye maegesho yaliyokingwa. Meli ya mvuke ya misheni yake, Good News, ilishushwa majini mwaka 1885, nayo pia iliendeshwa kwa ramani, dira na macho.

Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ilifika Kalemie, bandari ikajengwa papo hapo, na ziwa halikuacha tabia yake: mwaka 2024 lilipanda likafurika mitaa ya mji. Wanaosimamia bandari wasiweke alama yoyote ya kudumu mlangoni mwa Lukuga bila kupima kina upya kila baada ya mvua, na vipimo hivyo wapewe wenye mitumbwi wa Katanika, karibu na Kalemie, pia, si manahodha wa meli peke yao.