Risiti ya EFD: wino umo ndani ya karatasi

Fungua mashine ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi, katika duka lolote la Kariakoo, Dar es Salaam. Hutaona katriji, wala utepe wa wino, wala sindano za kugonga karatasi. Utakuta rola ya karatasi, mpira mweusi unaoisogeza, na kipande chembamba cha kauri kinachoigusa. Mashine haina wino kwa sababu wino umekwishatiwa kwenye karatasi huko kiwandani, ukisubiri joto. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini risiti hizi ni rahisi kutoa, na kwa nini zinafifia.

Uso wa karatasi hiyo umepakwa tabaka jembamba lenye viambato vikuu vitatu. Cha kwanza ni rangi ambayo ikiwa peke yake haionekani kwa macho. Cha pili ni kemikali yenye tabia ya asidi. Ikikutana na ile rangi, hufungua umbo la molekuli zake na weusi ukajitokeza. Cha tatu husaidia hivyo viwili kuyeyuka mapema. Vyote vimesagwa kuwa chembe ndogo mno, zikagandishwa bega kwa bega bila kuchanganyika. Joto likifika chembe huyeyuka na kukutana; likiondoka, mchanganyiko huganda palepale. Ikwaruze risiti kwa ukucha, haraka na kwa nguvu: joto la msuguano linatosha kuacha mstari mweusi. Upande wa pili hautaandika kitu, maana haukupakwa.

Kile kipande cha kauri ndicho kichwa cha kuchapia. Kina safu moja ya nukta zinazopata moto umeme unapopita, nukta 8 katika kila milimita. Rola yenye upana wa milimita 58 kwa kawaida huchapwa kwenye milimita 48, yaani nukta 384. Ile ya milimita 80 huchapwa kwenye milimita 72, yaani nukta 576. Kichwa hakitembei. Karatasi ndiyo inayosogezwa, sehemu ya nane ya milimita kwa kila hatua, na kila hatua programu huamua nukta zipi ziwake na zipi zinyamaze. Risiti ya sentimita 10 ni hatua 800 za namna hiyo, na mteja anaipata kabla hajamaliza kuhesabu chenji yake.

Kupasha moto ni kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kupoza. Nukta iliyowaka punde tu bado ina joto la hatua iliyopita. Ikipewa umeme uleule tena, weusi utasambaa nje ya mipaka na herufi zitavimba. Kwa hiyo programu huweka kumbukumbu ya nukta zilizotoka kuwaka na kuzipunguzia muda wa umeme. Mashine za betri zina kikwazo kingine: nukta zote zikiwaka kwa pamoja, zitadai umeme mwingi kuliko betri inavyoweza kutoa. Dawa yake ni kukigawa kichwa katika mafungu na kuyawasha kwa zamu, ndiyo maana mashine ndogo nyingi hupunguza mwendo zikifika penye weusi mwingi, kama nembo.

Kwa mantiki hiyo hiyo, risiti yenyewe humwambia fundi penye ugonjwa. Ikitoka nyeupe tupu, kwanza atazame kama rola imewekwa kinyume. Maandishi yakipauka kote, ashuku betri, karatasi duni au kichwa kichafu. Mstari mweupe unaoshuka kutoka juu hadi chini una maana kwamba nukta moja imeungua au imefunikwa na uchafu. Pamba yenye spiriti, mashine ikiwa imezimwa na kupoa, itatoa jibu.

Teknolojia hii ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1971 kampuni ya Texas Instruments ya Marekani ilitoa Silent 700, mashine ya kuwasiliana na kompyuta iliyochapa kwa joto, bila kelele za mashine za kugonga. Jack Kilby, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2000 kwa mchango wake katika kubuni saketi unganishi, ni mmoja wa walioasisi uchapaji huo. Baadaye ukaingia kwenye faksi, mashine za kutolea fedha na kaunta za maduka.

Udhaifu wake unatoka pale pale nguvu yake inapotoka. Karatasi inayoandikwa kwa joto haiwezi kuchagua joto: ukiiacha kwenye dashibodi ya gari juani, yote inaweza kuwa nyeusi. Mwanga wa jua, mafuta ya mikono na kemikali za kulainisha plastiki hufifisha maandishi. Ajabu ni kwamba wengi huzihifadhi risiti kwenye mifuko laini ya plastiki wakidhani wanazilinda.

Hapo pana mgongano. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, wakati maandishi ya karatasi hii yanaweza kufutika mapema zaidi. Mfumo wa EFD, ulioanza nchini mwaka 2010, unaukwepa mgongano huo kwa sehemu: taarifa za mauzo hubaki kwenye kumbukumbu ya mashine na kutumwa kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na risiti hubeba namba ya kuihakiki. Lakini namba hiyo ikifutika pamoja na karatasi, mnunuzi amepoteza ufunguo.

Kwa hiyo kila matumizi yapimwe kwa umri unaotakiwa. Lebo ya mzigo wa ndege huishi safari moja, karatasi hii inaitosha. Karatasi ya kipimo cha moyo, ambayo kwa kawaida hukimbia milimita 25 kwa sekunde, inamfaa daktari aliye mbele ya mgonjwa; ikienda kwenye faili, itolewe kivuli kwanza. Lebo ya pipa la kemikali huhitaji njia nyingine: kichwa kilekile huyeyusha nta au resini kutoka kwenye utepe na kuigandisha juu ya lebo. Nako kwenye vitambulisho vingi vya plastiki, joto huhamisha rangi kutoka kwenye utepe hadi ndani ya kadi.

Jambo la mwisho ni afya. Kemikali ya asidi iliyotumika kwa miaka mingi ni bisfenoli A, ambayo huvuruga homoni. Umoja wa Ulaya uliibana kwenye karatasi hizi tangu Januari 2020, isifikie asilimia 0.02 ya uzito. Anayeshika risiti mchana kutwa ana haki ya kuuliza rola anazonunuliwa zina nini. Na wewe mnunuzi, piga picha risiti unayoihitaji siku hiyo hiyo, kisha itie kwenye bahasha ya karatasi.