Jino na Meno

Katika kazi zote za programu, ninayoiheshimu kuliko zote ni ile ya kuweka utafutaji na uchujaji ndani ya API, lango ambalo programu nyingine hupitishia maombi yake ya data. Chukua API ya orodha ya vitabu vya maktaba. Mtu anatuma neno lake na vigezo vyake: lugha Kiswahili, mwaka kuanzia 1980. Kuipitia hifadhidata yote, mstari kwa mstari, kila ombi linapoingia, hata anayeanza kazi anaweza. Vitabu vikifika milioni, seva inaelemewa. Fundi hutayarisha faharasa mapema, kila neno na orodha ya vitabu lilimo, hivyo ombi likija ni kulinganisha orodha chache tu. Na akipanga majibu kwa mwaka, huongeza namba ya kitabu, ili vitabu vya mwaka mmoja visibadilishane nafasi mtu anapofungua ukurasa wa pili. Uangalifu wa namna hiyo hauonekani, nami ndio ninaousifu.

Mwaka 1972 mtafiti Mwingereza, Karen Spärck Jones, alieleza kwamba neno lipewe uzito mkubwa zaidi kadiri linavyopatikana katika maandishi machache. Kwa hiyo katika "historia ya Kilwa", Kilwa ndiyo inayoamua, wala si "ya". Hadi leo wazo hilo linafanya kazi ndani ya mitambo mingi ya utafutaji.

Kwa Kiswahili kazi inakuwa nzito, na tamu zaidi. Kanuni aliyoitoa Martin Porter mwaka 1980 hukata miisho ya maneno ya Kiingereza. Ila nomino zetu hubadilika mwanzoni. Anayetafuta kitabu anataka na vitabu. Dawa mojawapo ni kuyakata maneno vipande vya herufi tatu tatu: kitabu hutoa kit, ita, tab, abu, vitabu hutoa vit, ita, tab, abu. Vitatu vinafanana, na mashine inatambua undugu. Mwalimu na walimu ni rahisi zaidi, maana vipande vyote vya walimu vimo ndani ya mwalimu.

Lakini mtu na watu hawana kipande hata kimoja cha pamoja. Jino na meno vilevile. Hapo lazima aketi mjuzi wa lugha, ayaandike maneno hayo jozi kwa jozi, ili anayetafuta maumivu ya jino akipate pia kitabu cha magonjwa ya meno.