Mzaha katika Misimu: Nani Humcheka Nani?

Wahakiki wa lugha wamezoea kuikabili misimu kwa njia mbili. Ama huilaumu kuwa inachafua Kiswahili sanifu, ama huisifu kwa uchangamfu wake na kuorodhesha maana zake za kuchekesha. Misimamo yote miwili ina kasoro moja, nayo ni kutouchunguza mzaha wenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba mzaha wa msimu aghalabu ni hukumu, na kwamba yampasa mhakiki aulize hukumu hiyo inamwangukia nani.

Tuanze na neno Wabenzi, lililoenea Afrika ya Mashariki baada ya uhuru kwa kuwataja wakubwa wenye magari ya Mercedes-Benz. Ucheshi wa neno hili haumo katika jina la gari, bali umo katika ngeli. Kwa kulitia kiambishi wa-, msemaji amewapanga wenye magari hayo safu moja na Wadigo, Wataita na Wakamba, amewafanya kabila. Siasa ilipozoea kuwagawa wananchi kwa makabila, neno hili lilidokeza mgawanyiko mwingine, ambamo wenye nacho wa kila kabila ni ndugu. Hapa mnyonge ndiye achekaye, na mkubwa ndiye achekwaye.

Neno matatu lina mzaha mpole zaidi. Asili yake ni nauli ya mapeni matatu, yaani senti 30, iliyotozwa na magari ya abiria mjini Nairobi. Nomino imeanguka, kivumishi kikabaki na kiambishi chake cha ma-, kisha kikageuka nomino yenye upatanisho mpya: twasema matatu imejaa, wala hatusemi yamejaa. Magari hayo, yaliyoruhusiwa mwaka 1973 kubeba abiria bila leseni maalumu, yangali yanaitwa kwa bei ambayo hakuna tena aitozaye. Kila nauli ipandapo, jina lenyewe huwa ushahidi wa bei ya zamani.

Tatizo lipo katika kitu kidogo na chai, majina ya mtaani ya rushwa. Hapa pia sarufi ndiyo ifanyayo kazi, lakini inamfanyia mwingine. Kitu hakitaji chochote, na kidogo hupunguza hata hicho kisichotajwa. Kwa hiyo mwombaji anaweza kudai kiasi chochote bila kusema neno la aibu. Chai ni hila kubwa zaidi, kwa sababu imeazimwa kutoka katika ukarimu wetu. Anayenyima chai huonekana mchoyo, na hivyo aibu humtoka mwombaji ikamwendea mnyimaji. Mwananchi hucheka, lakini kicheko chake kimelipiwa kutoka mfukoni mwake mwenyewe.

Huenda ikasemwa kwamba msikilizaji ni mwerevu, anaielewa kejeli iliyomo. Ni kweli, lakini kuielewa kejeli si kuihukumu rushwa. Ilihitaji msanii kuigeuza. Eric Wainaina alipouita wimbo wake “Nchi ya Kitu Kidogo”, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alililaza neno nchi kando ya neno kidogo, na papo hapo udogo ule ukaonekana kuwa mkubwa kama taifa. Msimu ule ule, uliokuwa ngao ya mla rushwa, ukawa mkuki dhidi yake.

Kwa hiyo mtunga kamusi anayeeleza tu kwamba chai ni rushwa amesema kweli, lakini ameacha nusu ya maana. Yafaa pia atuambie nani hulisema neno hilo, humwambia nani, na katika hali gani. Mwalimu naye asiwakataze wanafunzi misimu kabla ya kuwafundisha kuipima. Lugha yetu haidhuriki kwa sababu watu wanacheka. Hudhurika pale wanapocheka pamoja na anayewaibia.